Sauti ya Bibi Ukumbini

Jumatatu, 3 Machi
Nasahihisha kitabu changu kinachokaribia kuchapishwa. Mvua hapa mtaani kwetu Overport tangu asubuhi. Jambo moja nimewaeleza wanafunzi miaka yote: wenyeji wa asili wa Australia hawakupigana au kukimbia tu. Wengi walichunga ng'ombe wa wazungu kwenye ardhi yao wenyewe iliyoporwa, ili wasiiache. Aliyenifundisha hilo ni Bibi mmoja wa huko. Nilimrekodi kibarazani kwake. Sura nzima ni maneno yake.

Mchana mjukuu wake alipiga simu. Bibi amefariki.

Jumanne, 4 Machi
Kwao, mtu akifa, jina lake halitamkwi na sauti yake haisikilizwi mpaka familia iruhusu. Si ushirikina. Ni namna ya kumwacha aende. Hata hapa siliandiki jina lake.

Nimemweleza Kabeya, mkuu wa idara, Mkongo, mwanafunzi wangu wa zamani. Ndiye anayeandaa hafla ya kuniaga ninapostaafu. Familia ya Bibi itaifuatilia mtandaoni. Alicheka kidogo. "Papa, kwetu marehemu tunamuvaa, picha yake kwenye kitenge." Nikarudia maelezo, polepole. "Sharp, papa. Nimesikia."

Ijumaa, 7 Machi
Hakusikia. Kwenye hafla, picha ya Bibi ukutani, rekodi ya sauti yake ukumbi mzima, akicheka, akisimulia habari za ng'ombe. Nilisema, "Zima!" Watu walidhani nimezidiwa na furaha, wakapiga makofi. Kwenye skrini familia ikatoweka.

Namchukia Kabeya. Naandika wazi.

Jumapili, 9 Machi
Mjukuu amepiga simu. Hakupaza sauti. Familia imekaa na kuamua: maneno ya Bibi yatoke kitabuni, rekodi zirudi kwao. Nilieleza ilivyotokea. Kueleza ndiyo kazi yangu. Haikusaidia kitu.

Jioni Kabeya alikuja na mkate, akasimama mlangoni. "Pardon, papa. Nilitaka tumulilie kama mama yetu."

Ni kweli, alitaka hivyo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Sikumkaribisha ndani.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeyatoa maneno ya Bibi. Zimebaki ripoti za maofisa wa kikoloni, zile nilizozipinga maisha yangu yote. Sasa zinasema peke yake, hakuna wa kuzijibu. Mchapishaji amefurahi. Kitabu kifupi kinauzika, anasema.

Rekodi nimezifunga, nimezipeleka posta. Sikuzisikiliza.