Kiatu ya Mama Mukwe

Siku ya kazi moja, 5 mwezi wa tano

Nimebeba matofali tangu asubuhi. Shantye, fasi ya kujenga duka, kartye Lumumba. Saa sita masasi ya bunduki ikaanza upande ya soko. Mwenye shantye akakimbia, siye pia. Nimerudi na bote, viatu virefu vya mupira, ku miguu na udongo mpaka mu masikio.

Mama mukwe iko muzima. Nimemusikia anakohoa nyuma ya lupango. Njo vile tunaishi: nyumba yake pale, yangu hapa, lupango ya matete katikati. Simuangalie uso. Simuite jina. Miguu yake sijaiona hata siku moja tangu nilioa mutoto yake. Mutoto yake alikufa, sasa miaka tatu. Heshima haikufa.

Siku ya kazi tatu, 7

Nyumba tatu zimeungua nyuma yetu. Majirani bote bameenda.

Mama mukwe hasemi na mimi. Akiwa na neno, anasema na kuku yake, kwa sauti, ili nisikie. Leo alimuambia: «Weye kuku, mimi naenda Beni kwa mutoto yangu mudogo. Mwenye anaogopa abaki na weye.»

Naogopa. Lakini hana mwanaume mwingine hapa. Akifia njiani peke yake, ni mimi nimemuua.

Siku ya posho (jumamosi), 10

Nimepata Ramazani. Zamani tulichimba zahabu pamoja. Sasa anapitisha batu upande ya Beni. Ku barabara kuko bariyeri. Pale banauliza kabila, na kabila yetu haipite. Yeye anapita mu pango. Mto inaingia chini ya mulima upande huu, inatokea upande ule. Unakaa juu ya mupira ya ndani ya pine, gurudumu ya kamyo, mayi inakupeleka. Fasi zingine mawe inajaa. Unashuka, unatembea.

Nilizani atauliza chakula. Aliuliza tuko na viatu gani. Mawe ya mule inakata sawa wembe. Ukikatwa muguu hautembee, na mbele kuko siku mbili za pori. Aliacha mutu mumoja vile. Hakusema jina yake.

Nikamuonyesha bote yangu. Alicheka mpaka akakaa chini. «Papa, hizo ni ndoo mbili! Zitajaa, zitakupeleka kusalimia samaki.» Kambambili, ndala, hapana, mayi inaenda nayo. Kiatu ya kanisa hapana, chini yake inateleza. Anataka kiatu yenye inatoa mayi, inashika kisigino, inafungwa na kamba.

Nilikasirika. Bote hizo nilizipata kwa jasho. Lakini anasema kweli.

Siku ya Mungu, 11

Nimekata pine ya zamani nitengeneze viatu. Kisu ilinikata kidole. Zangu zimeisha. Mikanda mbili juu, mumoja nyuma ya kisigino.

Zake sijue. Nitapima namna gani muguu yenye siruhusiwi kuona? Kambambili yake pia siwezi kushika. Hakuna mwanamuke hapa wa kunipimia. Nilikaa na kisu mpaka jua ikashuka. Mupumbavu kabisa.

Siku ya kazi moja, 12

Mvua usiku. Asubuhi mama mukwe kwa kuku: «Kuku, nimekanyaga udongo nyuma ya jiko. Sasa naenda kuomba Mungu ndani. Mwenye kuwa na macho aende kuona.»

Nikaenda. Alama mbili, zimenyooka, kama muhuri ya ofisi. Nikapima na kijiti, urefu na upana. Hata pale niliona haya. Lakini ule mama! Mimi nililala na ile shida, yeye aliimaliza na mvua ya usiku mumoja. Hajasoma hata siku moja.

Jioni niliweka viatu juu ya lupango. Akavichukua. Akachinja kuku. Paja ilikuwa juu ya lupango, mu jani.

Siku ya kazi ine, 15

Tumetoka Bunia. Batu kumi na mbili, na Ramazani. Nabeba sufuria zake na nguo. Yeye anatembea mbele, mimi nyuma kabisa, macho ku miti. Viatu nilivyomutengenezea viko ku kichwa chake. Anatembea muguu bure. Anaambia fimbo yake: «Hivi ni vya mayi. Barabara imalize miguu, miguu ni ya bure.»

Sasa fimbo njo kuku.

Siku ya Mungu, 18

Siku ine tunatembea. Bijana baliomba kupumzika mara tatu leo. Yeye hapana. Tulipita karibu na kijiji yenye imeungua. Harufu. Batu bakalia. Yeye alianza wimbo ya kanisa, pole pole, na batu bakashika. Ramazani iko muislamu, naye alishika. Nilijua iko mugumu. Sikujua iko vile.

Siku ya kazi tatu, 21

Tumepita. 

Mulango ya pango iko ndogo, ndani ni kubwa kupita kanisa. Giza. Popo. Mayi baridi mpaka mu mufupa. Ramazani aliangalia viatu ya kila mutu. Kijana mumoja alikuja na kambambili, akarudishwa mpaka akafunga na kamba. Mipira iko tatu tu. Tulipita kwa zamu. Mimi na mama mukwe tulikuwa ba mwisho.

Alikaa mu mupira, matako ndani, miguu juu. Mimi niko mu mayi pembeni, nashika torshi, naangalia ukuta. Ramazani anashikilia mupira. Tukafika fasi ya mawe, fasi ya kushuka. Mayi pale inavuta sana. Ramazani alikuwa na mupira mu mikono yote mbili, mayi mu kifua, anapiga kelele: «Mama, shuka! Shuka!»

Hakushuka. Ramazani akapiga kelele tena: kiatu ya kuume imetoka, inaning'inia ku kidole. Mama mukwe hawezi kufika ku muguu wake, mupira inamukunja. Ramazani hawezi kuachilia. Nikabaki mimi.

Nilisimama sawa muti. Kweli, nilisimama. Ramazani alinitukana, mama yangu na baba yangu. Sikusogea.

Halafu sauti ya mama mukwe. Si kwa kuku, si kwa fimbo. «Weye! Zima torshi.»

Nikazima.

«Mukono haina macho. Funga.»

Nilitafuta mu giza. Nilishika muguu yake. Baridi. Na ndogo! Ndogo sana. Njo nikajua kosa yangu. Udongo ilikuwa imelowa, ilipanuka chini yake, mimi nilipima udongo, sikupima muguu. Kiatu ilipita muguu na kidole muzima. Alijua tangu alivaa pale mulangoni. Alinyamaza asinipatishe haya mbele ya batu.

Nilitoa kamba ya mupira yenye nilifungia suruali. Nikazungusha chini, juu, nyuma ya kisigino, mara ine. Nikakaza. Hakulia. Alisema: «Ingine.» Nikakaza tena.

Akashuka. Alitembea juu ya yale mawe mu giza, mayi mu magoti, na mimi nasikia viatu: twa, twa, twa. Torshi niliiwasha wakati alikuwa amenipita.

Nilitoka mu pango nashika suruali na mukono. Batu balicheka. Bacheke. Ramazani anasema muguu yake haina hata mukwaruzo.

Siku ya posho, 24

Pori siku mbili. Tumefika barabara, upande ya Beni. Hakuna bariyeri. Ramazani amerudi kuleta bengine. Iko mutu kweli, ule.

Mama mukwe hajasema na mimi tena. Wala na fimbo.

Siku ya kazi moja, 26

Beni. Mvua kidogo. Mutoto yake mudogo hatujamupata bado. Banaandika batu benye bamekimbia, chini ya bashi, hema ya plastiki. Kijana na kaye, daftari, na bik. Tulipanga mustari, yeye mbele, mimi mbali kidogo, naangalia pembeni. Kijana akauliza ile mama iko na nani. Kijana akaninyooshea mimi kidole, akamuuliza: «Huyu ni nani yako?»

Nilifungua kinywa niseme mukwe.

Yeye akawa wa kwanza. «Mutoto yangu,» alisema. «Andika.»

Kijana akaandika.  Nilienda kukata miti ya kujenga nyumba ya mama mukwe.