Udongo wa Akina Friel

Nyumba ya Kilimani,
Gartan, Kaunti ya Donegal,
Ireland.
24 Novemba 1974

Mpendwa Dessie, mtoto wa baba mdogo,

Nakusalimu kwa mkono ule ule uliokumenyea viazi ulipokuja hapa na marehemu baba yako, ukiwa bado na suruali fupi. Hujambo huko Kanada? Lorna naye hajambo? Ujauzito unaendeleaje? Mwambie asibebe vitu vizito, na asisimame kwenye baridi akiongea na majirani, maana nawajua wanawake wa ukoo huu na hata wale walioolewa ndani yake.

Sisi tu wazima kiasi chetu. Hughie mume wangu goti linamsumbua na sikio la kushoto limekufa kabisa, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Mvua haijakatika vizuri tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote, na ng'ombe mmoja anakohoa.

Barua yako ilifika salama. Unauliza jina letu la Friel lilitoka wapi, lina maana gani, na kama bado lina watu. Unasema mtoto atazaliwa Krismasi, nawe hujui umwandikishe Fraser, kama baba yako alivyojiita huko ili apate kazi, au umrudishie jina la babu. Nisamehe nimechelewa kujibu. Kuna jambo lilinishika hapa nyumbani, na siwezi kukujibu bila kukusimulia.

Maana yake ni rahisi. Zamani kulikuwa na mtu aliyeitwa Fearghal, yaani mwanamume shujaa, na sisi ni uzao wake. Wazee husema tumetoka kwa ndugu wa Mtakatifu Colmcille, aliyezaliwa hapa hapa Gartan. Kuhusu wingi, Donegal hii ukirusha jiwe sokoni utampata Gallagher, na likidunda litampata Boyle. Lakini akina Friel tupo. Fanad wamejaa, Derry wapo, Glasgow wapo wengi waliofuata kazi. Ukivuka kwenda Dublin hawalijui, wanaliandika wanavyotaka.

Hapa kilimani ndipo tulipopungua. Unajua kwamba udongo wa pale alipozaliwa mtakatifu haunyanyuliwi ila na mtu wa jina la Friel. Huchimbwa asubuhi kabla ya kula, hutolewa mkono kwa mkono, haulipiwi, na anayepewa hasemi asante. Mwenye udongo huo mfukoni hafi maji. Ndivyo tulivyolelewa. Kaka yangu Conall ndiye aliyekuwa akiuchimba baada ya baba, naye hakuoa. Tulimzika Februari.

Wiki ile ile ya mazishi, nikiwasha jiko asubuhi, nikasikia beleshi likichimba mlimani. Chwa, kimya kidogo, kisha chwa. Conall alikuwa na mapafu mabovu, alipumzika baada ya kila pigo. Niliujua mchimbo ule kama ninavyoujua mwendo wa Hughie. Nilitoka nje nikatazama. Hapakuwa na mtu.

Dessie, niliogopa. Nikamwambia Hughie, akacheka. "Mama, hao ni mbuzi wa jirani yetu Boyle wanakwaruza mawe. Conall akiwa hai kumwamsha ilikuwa shughuli, sembuse sasa!" Lakini kila asubuhi alichimba. Nilisali rozari, nikatoa sadaka ya misa, haikusaidia. Nilijua anachongoja. Hakuna aliyebaki wa kumpokea beleshi. Mimi niliolewa nikawa McGinley, na jina ndilo lenye ruhusa, si damu.

Sasa, mwanzoni mwa mwezi huu akaja jirani yetu Madge Sweeney. Mjukuu wake Eunan alikuwa amepata nafasi kwenye meli ya uvuvi kule Killybegs. Madge hakuketi wala hakutaka chai.

"Bríd, nataka udongo. Mtoto anapanda meli Jumatatu."

"Conall amekufa, Madge. Mimi ni McGinley, huo udongo si wangu kuutoa."

"McGinley tangu lini? Nani kakuita McGinley kwenye njia hii, zaidi ya padri na mtu wa posta? Ukipita na baiskeli watu wanasema, 'Bríd Friel huyo, na lile kofia lake.' Hakuna anayesema Bibi McGinley."

"Hata mimi humwita Friel," Hughie akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Hasa tukigombana."

Sikucheka. Nilimwambia Madge kinachonitisha: nikiuchimba bila haki, Eunan atakwenda baharini na tope tupu mfukoni akidhani ana kinga. Afadhali aende akijua hana kitu.

Madge akanitazama. Unamkumbuka mwanawe Packie, baba yake Eunan, aliyepotea baharini? "Packie wangu aliukataa huo udongo," akasema. "Alisema koti la mpira linamtosha. Bríd, sina hata kaburi la kupalilia. Usinirudishe mikono mitupu, mwenzangu."

Ningefanyaje? Asubuhi iliyofuata nikatoka bila kunywa hata maji. Ilikuwa asubuhi moja ya baridi kali, barafu imeshika kila jani. Beleshi la Conall nilikuwa nalo begani, na bado nikawa nalisikia likichimba mbele yangu juu kule. Nilipofika mahali penyewe sauti ikakoma. Nyasi zilikuwa nzima, nyeupe, hazijakanyagwa.

"Sogea kidogo, Conall," nikasema.

Nikaweka beleshi chini na kulikanyaga. Pote palikuwa pagumu kama mawe, lakini pale lilizama kama ndani ya siagi. Nikachota konzi moja ya udongo, nikampelekea Eunan mwenyewe mkononi. Alinyamaza, kama inavyopasa, akauweka ndani ya shati.

Eunan na wenzake wakaondoka Jumatatu, na katikati ya wiki dhoruba ikaja. Iling'oa bati za Boyle. Redio ya meli ikanyamaza, na hakuna bandari iliyokuwa na habari zao. Madge akahamia jikoni kwangu. Hakunilaumu hata kwa neno moja, ila alikuwa akiitazama mikono yangu, na nilikuwa naificha chini ya aproni. Nilijiona nimemuua mtoto wa watu kwa jina nisilo nalo.

Na huko mlimani mchimbo ukawa hauna tena mapumziko. Chwa, chwa, chwa, katikati ya upepo ule, kama mtu anayeshindana na saa. Madge akashika msalaba wa rozari. Hughie, na sikio lake hilo, akainua kichwa. "Nani anachimba na mvua yote hii?" akauliza. Tangu hapo hakuzungumzia mbuzi tena.

Jumapili, baada ya misa, nikasikia Madge akipiga kelele getini. "Bríd Friel! Bríd Friel! Wameingia Killybegs!" Vioo vya meli vimevunjika vyote na nyavu zimekwenda, lakini watu ni wazima, na Eunan ana njaa. Madge akaingia akilia, akafungua mdomo aseme asante, akaufumba kwa mkono. Kisha akachukua ufagio akanifagilia jiko lote, mpaka chini ya kabati.

Kesho yake nikaamka kuwasha jiko. Nikangoja. Chai ikapoa, Hughie akaamka, ng'ombe akakohoa, na mlimani kimya. Mpaka leo ni kimya. Tangu Februari nilimwomba Mungu ampumzishe kaka yangu, na siku aliponisikia nikakaa na kikombe changu nikalia kama mtoto. Nilimzika mwezi wa pili, lakini nimefiwa mwezi huu.

Basi hilo ndilo jina letu, Dessie. Sikuchagulii. Fraser liliwalisha ninyi na si la kudharauliwa. Lakini hapa sasa niko peke yangu na beleshi, na magoti yangu hayatapanda mlima ule daima. Ndani ya bahasha kuna kikaratasi nilichokifunga kwa uzi. Ni cha mtoto, jina lolote utakalompa. Nimekichota mwenyewe, kabla ya kula. Usiniandikie asante.

Nisalimie sana Lorna, na shangazi Gráinne kama bado anasikia. Hughie anakusalimu, anasema ulete tumbaku. Colmcille awafunike wote kwa joho lake, na amfikishe mtoto nchi kavu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa umbali wote huu,

Bríd Friel