Plombage ya fibre imeshika

Thierry, usicheke kwanza. Niko nyuma ya jikoni ya beau-père yangu, baba ya bibi yangu, Papa Sebarenzi, huku Karuba. Mukono ku kinywa, naandika haraka mbele banitafute.

Unakumbuka jino yangu yenye dentiste alizibaka na plombage ya fibre? Ile uliniulizaka kama inashika réseau ya internet? Dentiste alisema: «Papa Zéphyrin, hii iko nguvu kupita jino yenyewe.» Hakusema niende kuijaribu, Thierry. Hakusema! Ile ilitoka ku akili yangu peke yangu.

Basi tumekaa na famille yote ya bibi yangu Laetitia, bière inafika, décapsuleur ya kufungulia chupa haionekane. Laetitia ananiangalia, anajua yenye nataka kufanya. Ananikanyaga mguu chini ya meza. Mimi naamuka: «Leteni hapa. Niko na jino ya fibre.»

Jino ya fibre! Mukwe mupya, ndani ya costume yenye uliniazima, anaambia bakwe eti iko na jino ya fibre!

Nikauma. KRAA! Kifuniko ikaruka, bote bakapiga mikono. Nikacheka na midomo ya kufunga, juu nilisikia kitu inatembea ku ulimi.

Thierry, plombage iko muzima kabisa. Imeshika vizuri sana. Yenye imevunjika ni jino ya pembeni, ile haikuwaka na shida, ile Mungu mwenyewe aliniotesha.

Ngoja. Papa Sebarenzi anaita. Ametosha casier nzima ya bière ku mulango: «Mukwe wetu iko wapi? Aje afungue hizi zingine!»