Baba Alipofika Leiden Kutembea

Leiden, 9 Aprili

Dada Geesje,

Huu ni mwaka wa tatu tangu niondoke nyumbani. Magoti yananiuma, lakini kazi ya kupanga matofali ya barabara ipo, namshukuru Mungu.

Jumanne tulikuwa tunamalizia kichochoro cha nyuma ya kanisa. Akaja Bi Trudi, yule anayewatembeza wageni kwenye vitu wanavyovipenda wenyeji: samaki wa heringi na kitunguu, jibini yenye bizari, na sasa kichochoro chetu.

"Simameni hapa," akawaambia. "Huyu Lammert ndiye fundi wetu. Hapa hata bibi yangu anapita na baiskeli bila kutukana."

Nyuma ya kundi nikamwona Baba, midomo inang'aa mafuta ya heringi. Unakumbuka alivyoapa kwamba anayeacha shamba la viazi akapige magoti mjini si mwanawe. Nyundo ilinitoka mkononi.

"Mzee, umechoka?" Bi Trudi akamuuliza.

"Nichoke nini? Nipeni ufagio. Mchanga huu haujaingia vizuri."

Akaufagia mchanga katikati ya matofali mpaka mwisho wa kichochoro, wageni wakimpiga picha. Mama mmoja akamuuliza kama naye ni fundi.

"Mimi mkulima," akajibu. "Fundi ni mwanangu."

Najua ni wewe uliyemtia kwenye kundi lile kwa ujanja. Ahsante, dada. Ameniambia viazi vitavunwa Septemba, na mikono haitoshi. Basi nitakuja Septemba.

Mdogo wako,
Lammert