Redio Yako Nimeigusa, Baba

Baba mkwe,

Shikamoo. Ulipokuwa hai tulisalimiana mlango ukiwa katikati yetu, na mengine yote yalikufikia kwa kinywa cha Mama, mkeo. Leo nakuandikia mwenyewe, maana jambo hili ni langu na haliwezi kupitia kwa mtu.

Mjukuu wako wa kiume alizaliwa wiki mbili baada ya kukuzika. Sasa ana miezi minne. Ananyonya kama ndama na usiku halali, kwa hiyo na mimi silali. Jina hana. Jina ungempa wewe, na wewe hukumngoja. Baba yake bado yuko vitani. Tunamwita Mtoto tu.

Wiki iliyopita askari mmoja aliyerudishwa kwa jeraha la mguu alipita hapa Kibimba, akatuletea mzigo kutoka kwa mwanao: redio kaseti ndogo, mkanda ukiwa ndani. Spika yake ilikuwa imechanika njiani, ikawa inasikika tu kwa kile kidude cha kuchomeka sikioni. Nilitaka nisikilize kwanza, kisha nimweleze Mama. Akakataa.

"Neno la mtoto kwa baba yake halisikilizwi na mtu mmoja sikioni kama umbea," alisema. "Litoke kwenye redio ya mwenyewe, nyumba nzima isikie."

Redio ya mwenyewe ni ile yako ya mbao, uliyoibeba kichwani tulipohamishiwa kijijini, ambayo hata vumbi ulilifuta mwenyewe. Iko kwenye kona ya kiti chako, na unajua mguu wangu haujawahi kukanyaga kona ile. Mama alikiondoa kiti kwa mikono yake, akampakata mtoto, akaniambia ingia, wewe ndiye uliyesoma.

Nikaingia. Nilikikata kile kidude cha sikioni, waya wake ukabaki umechomekwa kwenye redio kaseti, nikaumenya kwa meno, zikatoka nyuzi mbili. Nyuma ya redio yako kuna matundu mengi, Baba. Nilianza na yale ya juu, ukatoka mvumo mtupu. Kumbe ni ya ule waya unaopanda kwenye paa. Mama akasema nimeshaiua, na kama ungekuwepo ungetufukuza wote wawili. Nikatafuta tena, nikaona matundu mawili yaliyochorwa santuri. Nikazitia nyuzi humo, nikazikaza kwa njiti za kiberiti, nikazungusha kitufe mpaka kwenye mchoro wa santuri vilevile. Sauti ya ile ndogo nikaipunguza, ya redio yako nikaipandisha polepole.

Akatoka mwanao, sauti nzito kuliko aliyoondoka nayo.

"Baba, shikamoo."

Halafu akanyamaza. Alikuachia nafasi ya kuitikia. Barua ya msiba ilikuwa haijamfikia. Mkanda ukazunguka. Aliposema, "Mama, shikamoo," Mama aliitikia marahaba mara mbili, ya kwako na ya kwake.

Alisema ni mzima, wanakula vizuri, tusiwe na wasiwasi. Kisha akasema, "Baba, mtoto akizaliwa mpe jina wewe. Msinisubiri mimi."

Mama hakufikiri mara mbili. Akasema mtoto atachukua jina lako. Nikamwambia mimi mkamwana wa nyumba hii, kwa mila, jina la baba mkwe silitamki. Akitambaa kwenda motoni nitamwitaje? Akajibu kwamba wanawake wengine humwita mtoto wa namna hiyo Mzee, au Babu, na watoto wanakua tu. Nilikataa. Mtoto niliyemzaa sitamzungukia kwa maneno. Ama nimwite jina lake lote, ama apewe jingine.

Mama akambadilisha mtoto bega. Mwishowe akasema, "Basi kamwombe mwenyewe."

Ndiyo naomba. Jumatatu nampeleka kliniki. Kwenye kadi yake nafasi ya jina iko wazi, na muuguzi humuuliza mama wa mtoto. Nitalitamka, Baba, kwa sauti ya kusikika, ili aliandike bila kukosea. Usione ni dharau. Kama ni kosa, liwe juu yangu, lisimguse yeye.

Pumzika, Baba. Mama nitamtunza. Na jina lako nakuahidi sitaliita kwa hasira hata mara moja. Siku ya kumchapa nitamwita "wewe".

Mkamwana wako