Ua Jekundu Kwenye Pazia la Mama

Mdogo wangu Skola,

Nilikukosea. Pazia lako halikuita radi, na nilijua hivyo siku ile ile niliyosema.

Unalikumbuka lile sweta la mitumba ulilolitoa kwenye belo sokoni, lenye vitaa vya betri kifuani? Sisi tulicheka. Wewe ukalifumua pale nyumbani Mazwi, ukashona vile vitaa kwenye pazia la mlango wa mama, waya mwembamba ukaupitisha mpaka kwenye shuka lake. Mama alikuwa ameshapooza, hasemi, amebaki na mkono mmoja tu unaosogea. Ukamtarizia maua mawili kwenye shuka, na mengine kama hayo kwenye pazia kuzunguka vitaa. Akibonyeza jekundu, jekundu linawaka kwenye pazia: anakuita wewe. La kijani, ananiita mimi. Nilipojaribu ukaniambia, "Taratibu kaka, hiyo siyo pedali ya baiskeli." Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Basi nikawa nakaa barazani naangalia pazia. Linawaka jekundu. Kesho yake jekundu tena. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, Skola, lakini iliniuma.

Ndipo radi ikaua mbuzi wa jirani. Unajua kwetu, ngurumo zikianza watu wanafunika vioo na kuvua nguo nyekundu. Nikaenda kwa baba mdogo nikamwambia, "Lile pazia la Skola ndilo linaloita." Akasema, "Litoe kabla halijatumaliza." Nikalitoa kwa mikono yangu, pamoja na shuka. Nikasema nimevichoma. Habari zikaenea, wateja wa kushonesha nguo wakakukimbia, cherehani yako ikanyamaza. Na mama akawa anabonyeza blanketi huku anaangalia mlango. Watu walisema mkono unatetemeka tu. Mimi nilijua anakuita. Nilinyamaza mpaka tukamzika, ukahamia Wampembe bila kuniaga.

Sikuvichoma. Viko kwenye sanduku langu la bati hapa Katandala. Juzi nimetia betri mpya. Ua langu liliwaka pale pale, kama halijawahi kuguswa. Lako halikuwaka. Waya wake umekatika kwa kubonyezwa.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi nitashuka Wampembe na baba mdogo. Nitakuwekea pazia na shuka mikononi, halafu niseme mbele yake ni nani aliyedanganya, na kwa nini. Ukitaka kunifukuza baada ya hapo, nifukuze. Vyenyewe nitaviacha kwako.

Kaka yako,
wa ua la kijani