Kuku Mia Mbili wa Mradi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Vifaranga wamefika! Mia mbili, ndani ya makatoni yenye matundu, kwa gari la mradi. Wana umri wa siku moja tu. Wa njano, kelele kama mvua juu ya mabati. Nusu ya mtaa wa Kapata ilikuja kuchungulia lupango yangu, kiwanja hiki kidogo, watu wamejipanga kwenye ua kama vile kuna harusi. Mama Jeanne, anayeuza unga wa bukari, ugali wetu, ng'ambo ya barabara, alisema mwaka huu serikali imekumbuka wajane.

Nilisaini. Karatasi kumi na moja za Kifaransa, saini chini ya kila ukurasa. Nilisoma mbili za kwanza. Zinasema vyote ni vyangu – banda, vifaranga, chakula cha wiki sita, na mafunzo niliyomaliza Ijumaa. Si mkopo, ni msaada. Shemeji Tharcisse, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alisaini kama mdhamini. Alivaa koti kwa ajili hiyo.

Mi nimefurahi. Naandika hapa tu. Nikisema kwa sauti naogopa nitaamka.

Alhamisi, 18 Septemba

Tata Omer amekuja mara ya kwanza. Ndiye mlezi wangu wa biashara – encadreur, ndivyo karatasi inavyomwita. Kila Alhamisi, miezi sita. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Sasa ana daftari la mradi na pikipiki isiyo yake.

Aliuliza naona nini miaka mitano mbele. Nikamwambia kwanza hawa waishi hadi Jumapili. Akacheka, akaandika. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeona haya, hawa wataanza kutaga lini. Hapana, Tata, hawa ni wa nyama, wanaliwa kabla hawajafikiria mayai. Akaandika na hilo. Mtu mzuri. Hajawahi kufuga hata njiwa.

Vifaranga watatu wamekufa. Kawaida.

Wakaguzi wa mradi walipita juzi bila taarifa, mi nilikuwa msibani kwa mama wa kwaya. Wameandika: hakuwepo.

Falonne alipiga simu kutoka Dilolo. Mimba yake ya kwanza – anahesabu mwanzo wa Novemba. Tangu mama alipofariki nilimwahidi mdogo wangu huyu: siku hiyo nitakuwa pale, mkono wake ndani ya wangu. Inapangika vizuri. Kuku wanatoka mwisho wa Oktoba, mi napanda lori.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mama Kanyinda amekuja mwenyewe! Anapikia wafanyakazi upande wa Kingamyambo, sahani mia tatu kila mchana. Aliingia bandani na viatu vyake vya kanisa, akashika kuku mmoja kifuani, akampima kwa mkono. Atawachukua wote tarehe 22. Na baada ya hapo, kila wiki sita, wengine kama hawa. Amechoka na kuku wa barafu wa kutoka Zambia.

"Hii iko na nyama," alisema. "Mi nitakuwa nakuja kwako tu."

Nilimpikia chai. Tata Omer alikuwepo, akasikia yote. Alifurahi kama banda ni lake. Alisema leo leo atapeleka habari ofisini.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kumbe Tata Omer aliipeleka kweli ile habari.

Mratibu wa mradi amepiga simu asubuhi. Monsieur Dimitri – kijana, sauti ya upole. Amesikia nataka kuuza. Haiwezekani. Kuku hawatoki kabla ya uzinduzi rasmi. Wakubwa wanatoka Kinshasa kuja kuona kuku mia mbili, hawawezi kuonyeshwa banda tupu. Iko kwenye ukurasa wa tisa. Nikauliza uzinduzi ni lini. Wiki ijayo, ndege ikipatikana.

Nilimweleza. Hawa si mbuzi. Baada ya wiki sita wanakula mara mbili, miguu haiwabebi tena, moyo unasimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nivumilie, ni wiki moja.

Na Dilolo? Siku tano tu, shemeji abaki na kuku? Hapana. Mwenyewe asipokutwa nyumbani mara mbili anaondolewa, na vyote vinarudishwa, pamoja na gharama za mafunzo. Mara moja nimeshaandikwa. Na mi nisipokuwa na cha kurudisha, wanakwenda kwa mdhamini.

Yaani nyumba ya Tharcisse. Na watu wanane ndani yake.

Jioni nimesoma karatasi zote kumi na moja, na kamusi ya shule pembeni. Ukurasa wa tisa upo kweli. Na saini yangu chini, nzuri kabisa.

Jumatano, 22 Oktoba

Gari la Mama Kanyinda limekuja, limerudi tupu. Hakugomba. Alitazama kuku kupitia waya, akanitazama mi, akasema wafanyakazi wake wanakula leo, si siku ya uzinduzi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Uzinduzi umesogezwa hadi tarehe 5. Ndege haikupatikana.

Chakula cha mradi kiliisha siku kumi zilizopita. Nawapa pumba za Mama Jeanne na majani ya viazi. Wanalala chini, vifua vizito, wanapanua midomo. Ukimfukuza mmoja anapiga hatua tatu anakaa. Wamekufa kumi na tisa wiki hii. Wakubwa, wanene, wale ambao Mama Kanyinda angewachagua kwanza. Nawazika nyuma ya choo – hata kumla aliyekufa hivi siwezi.

Tata Omer alikuja na somo la saba: Mjue Mteja Wako. Alifungua daftari, akasoma kichwa cha somo. Nikamwambia mteja wangu namjua, jana amenunua tena makatoni ya kuku wa barafu.

Akafunga daftari. Ameandika barua mbili ofisini, hazijajibiwa. Akasema pia, akitazama viatu vyake, kwamba mama mmoja wa mradi akianguka, mkataba wa encadreur wake unaanguka naye. Analea wajukuu wanne. Hakuniomba kitu. Tulikaa tu, wawili, tunatazama banda, hadi saa yake ya somo ikaisha. Kisha nikamsainia kwamba somo limefanyika.

Jumanne, 4 Novemba

Uzinduzi si kesho tena. Tarehe 13.

Mvua. Niliruka hadi duka la dawa, pale kwa mafundi wa matairi, kununua dawa ya kuhara – ya kuku – na lori la Dilolo lilikuwa limesimama pale. Wanawake juu ya magunia, turubai kichwani, wanacheka. Dereva aliuliza kama napanda, fasi iko. Nilishika ubao wa lori. Uliloa, baridi. Nikakumbuka wakaguzi, nikarudi nyumbani karibu nakimbia. Hawakuja.

Falonne alipiga. Mgongo unamuuma tangu jana.

"Yaya, unakuya siku gani?" Ananiita Yaya, dada mkubwa, tangu alipoanza kusema.

Nilimwambia hivi karibuni. Hakuuliza tena.

Jumamosi, 8 Novemba

Msichana. Amezaliwa jana mchana, Dilolo, hospitali. Falonne alitoka damu nyingi, wamemwongezea chupa mbili. Jirani yake ndiye aliyemshika mkono, mwanamke hata simjui jina. Ni yeye aliyenipigia, ananiita Yaya kama tunafahamiana, ananieleza kwa utaratibu ili nisiogope.

Kisha akampa Falonne simu. Sauti nyembamba. Nilianza kueleza – ukurasa wa tisa, tarehe 13, Tharcisse. Alisubiri nimalize.

"Na kuku, iko muzima?"

Nikasema wazima.

"Muzuri," akasema. Akakata.

Hakuuliza kwa hasira. Nimerudia sauti yake kichwani siku nzima nitafute hasira, hakuna.

Alhamisi, 13 Novemba

Imefanyika.

Asubuhi Monsieur Dimitri alikuja kuhesabu. Mia moja na arobaini na mbili. Hakushangaa. Alipiga simu, baada ya saa moja lori dogo likaleta hamsini na nane wengine, wamefungwa miguu, wameazimwa kwa mfugaji mmoja barabara ya kwenda Likasi. Wengine ni wekundu, wa mayai. Akaagiza wekundu wawekwe nyuma. Halafu fulana za mradi kwa wanawake wanne wa mtaa – Mama Jeanne wa kwanza. Wafanyakazi wangu, eti. Mama Jeanne alifurahia fulana, aliivaa juu ya kitenge, akajigeuza nimwone.

Nilipewa karatasi ya kusoma. Kwamba nimeshauza mara mbili. Kwamba nimeajiri watu wanne. Kwamba mafunzo yamebadili maisha yangu.

Tulikaa chini ya hema tangu saa tatu asubuhi. Wakubwa wamefika saa tisa. Magari saba, vumbi, kamera. Mi nilikuwa nimeamua. Naapa nilikuwa nimeamua – nitasimama, nitaweka karatasi kitini, nitasema: hawa walikuwa wa kuliwa tarehe 22 Oktoba. Maneno hayo tu. Nilikuwa nayo mdomoni tangu alfajiri.

Tata Omer alinisogelea nyuma ya hema. Sijui aliona nini usoni kwangu.

"Mama Henriette," alisema, "soma tu. Mi nakuomba."

Miezi yote hii, ndilo ombi lake la kwanza.

Nikasimama. Tharcisse mstari wa mbele, ndani ya lile koti, amenyoosha mgongo, ananitazama kwa fahari. Hajui hata ukurasa wa tisa. Sikuwahi kumwambia.

Nikasoma. Na nilisoma vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Sauti haikutikisika. Nilipumzika kwenye vituo, nilitazama watu machoni, kama nilivyokuwa nasoma Waraka kanisani. Walipiga makofi sana. Mkubwa mmoja alichungulia banda, leso puani, akasema kuku wana afya. Dakika ishirini, wakaondoka.

Kuku wa kuazima wamefungwa miguu tena, wamepakiwa. Mwekundu mmoja ametaga yai kwenye pumba. Nimelichemsha, nimelila nikiwa nimesimama.

Jumapili, 16 Novemba

Naruhusiwa kuuza. Nauza mmoja mmoja kando ya barabara, kwa yeyote. Nyama imekuwa ngumu, watu wanarudi kulalamika. Mama Kanyinda alichukua kumi. Kwa huruma – hakumpima hata mmoja.

Falonne hapokei simu. Dilolo mtandao ni mbaya. Najiambia hivyo.

Jumatatu, 24 Novemba

Picha yangu iko rond-point, kwenye mzunguko wa barabara. Kubwa kuliko mlango wa nyumba. Nimefungua mdomo, nina karatasi mkononi. Madereva wa pikipiki wananiita Mama Mradi.

Na barua: nimechaguliwa kuwa mama wa mfano. Awamu ya pili inaanza. Wanawake kumi wa Kapata watapewa vifaranga, na mlezi wao ni mi. Masomo kwenye lupango yangu, kila Jumatatu.

Nilikwenda ofisini kukataa. Kwa adabu – nilisema mi si mwalimu. Monsieur Dimitri alinipa kiti, akanipa maji. Alisema ni heshima. Alisema pia ni ukurasa wa sita, aliyefaulu anafundisha wengine, kukataa ni kuvunja mkataba. Kisha akauliza, kwa upole uleule, shemeji Tharcisse hajambo?

Hajambo, nikasema.

Niliuliza kama awamu ya pili nayo itasubiri uzinduzi. Alinitazama kama nimeuliza kama Jumapili kuna misa.

Jioni Tata Omer alikuja kwa miguu. Pikipiki wameichukua. Mkataba wake wameukata kabla miezi sita haijatimia. Wanasema sasa kuna akina mama wa mfano, hawahitaji tena walezi wa kulipwa. Alinikabidhi daftari lake, kwa mikono miwili. Masomo yote ishirini na nne yamo, mwandiko wa mwalimu. Nilimwomba akae ale bukari. Alikula kidogo, akasifu sombe, majani yangu ya muhogo, akaondoka kabla giza halijaingia. Nilimsindikiza hadi kona.

Jumatatu, 1 Desemba

Wamekuja. Kumi wote, kabla ya saa. Wamekaa chini ya turubai, wamevaa vizuri, wengine wana watoto mgongoni. Mama Jeanne mstari wa mbele. Amefunga meza yake ya unga tangu Ijumaa – mradi unataka mtu asiye na kazi nyingine. Nilimvuta pembeni. Nikamkumbusha: uliniuzia pumba wewe mwenyewe, uliwaona wakifa. Akasema ndiyo, lakini bahati yangu ilikuwa mbaya, uzinduzi ulichelewa. Wao hawatasubiri, uzinduzi si umeshapita? Na picha yangu si iko rond-point?

"Mi pia nataka, Yaya," alisema. Anatabasamu.

Karatasi ziko hapa, magotini pangu. Kumi na moja mara kumi. Nimeingia ndani, nimewaambia natafuta miwani. Miwani iko usoni.

Monsieur Dimitri yuko barabarani ndani ya gari, kioo kimefunguliwa, anaongea na simu. Anataka ziwe zimesainiwa kabla ya saa sita. Kutoka pale alipo anasikia kila kitu kinachosemwa chini ya turubai. Nimepima: niliposalimia wanawake alinipungia mkono.

Nimefungua ya juu, ukurasa wa tisa. Haujabadilika neno. Naweza kuusoma kwa Kiswahili, polepole, mstari kwa mstari. Ingechukua dakika tatu. Tharcisse amejenga chumba kipya nyuma, cha binti yake anayeolewa. Jana alinionyesha milango.

Nje wameanza kuimba. Wimbo wa kanisa, wa kusubiria. Mtoto mmoja analia.

Mama Jeanne ameingiza kichwa mlangoni. Anauliza kama nina kalamu, hakuna hata mmoja aliyekuja nayo. Amenyoosha mkono.

Ndani ya nyumba hii kalamu ni moja, ni hii ninayoandikia